Namna ya kutambua hila katika jumbe za mitandao ya kijamii

MTU anapopokea ujumbe wa kushtua katika simu yake, aghalabu swali la kwanza analojiuliza ni iwapo habari hiyo ni ya kweli au ni ya uongo.

Swali hilo ni muhimu, lakini halitoshi. Wenye nia ya kuwahadaa watu mitandaoni hawategemei uongo mtupu. Mara nyingi huchukua picha halisi, takwimu sahihi au maneno yaliyotamkwa kweli, kisha wakayapanga kwa namna ya kumsukuma msomaji afanye jambo walilolikusudia wao.

Hivyo basi, mbali na kuuliza kama ujumbe ni wa kweli, msomaji hana budi kuuliza pia: Ujumbe huu umekusudiwa kunifanya nini?

Makala haya yanafafanua maana ya hila ya mitandaoni, yanaeleza kwa nini suala hili ni zito kwetu Wakenya, kisha yanatoa maswali matano ambayo mtu yeyote mwenye simu anaweza kuyatumia kupima ujumbe kabla ya kuuamini au kuusambaza.

Maana ya hila

Wataalamu wa mawasiliano huzigawa habari zinazopotosha katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni habari potofu zinazosambazwa na mtu asiyejua kuwa ni potofu. Huyu hana nia mbaya, amekosea tu.

Kundi la pili ni uzushi, yaani habari za uongo zinazotungwa na kuenezwa kwa makusudi ili kumdhuru mtu, kuvuruga uchaguzi au kujipatia fedha.

Kundi la tatu ni habari za kweli zinazotumiwa kudhuru. Mathalani, mtu anaweza kuchukua kisa halisi cha wizi kilichotokea miaka mingi iliyopita, akakieneza leo kana kwamba ni kipya, ili jamii nzima ya mshukiwa ichukiwe.

Ujumbe mmoja waweza kupita katika makundi haya. Mzushi huutunga kwa makusudi, lakini anayekufikishia ni shangazi yako anayekutakia mema. Kwa sababu hiyo, uaminifu wa mtu aliyekutumia ujumbe si ithibati ya ukweli wa ujumbe wenyewe.

Kwa nini suala hili ni zito

Kenya ililijua tatizo hili kabla ya kuenea kwa mitandao ya kijamii. Wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, arafa za uchochezi zilisambazwa kutoka simu moja hadi nyingine. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilibaini kuwa watu 1,133 waliuawa katika ghasia hizo. WhatsApp haikuwa imebuniwa. Ilianzishwa mwaka wa 2009.

Ni kutokana na machungu hayo ambapo Bunge lilipitisha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa mwaka wa 2008, iliyozaa tume ya NCIC. Sheria hiyo inamwadhibu anayeeneza chuki ya kikabila kwa faini isiyozidi Sh1 milioni, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au adhabu zote mbili.

Kabla ya uchaguzi wa Agosti 2017, video bandia zilizoigiza taarifa za mashirika ya BBC na CNN kuhusu kura za maoni zilienezwa nchini. Mashirika yote mawili yalizikana.

Mnamo Machi 2018, runinga ya Channel 4 ya Uingereza ilipeperusha mazungumzo yaliyorekodiwa kisiri ya wakuu wa kampuni ya Cambridge Analytica. Mmoja wao, Mark Turnbull, alijigamba kuhusu kazi ambayo kampuni hiyo ilifanya katika kampeni za Kenya. Alieleza pia kuwa hakuna faida ya kupigania uchaguzi kwa kutumia ukweli, kwa sababu kinachoamua ni hisia. Kampuni hiyo ilitangaza kufunga shughuli zake Mei mwaka huo huo.

Maneno hayo yanafaa kukumbukwa na kila msomaji. Kama anayetunga ujumbe anazilenga hisia zako, basi kuchunguza ukweli pekee ni kulinda mlango mmoja na kuacha mwingine wazi.

Maswali matano

Ili kuyaeleza maswali yetu barabara, tuchukue mfano wa kubuni. Tuseme umepokea picha ya nyumba zinazoteketea katika kikundi cha WhatsApp cha familia. Chini yake pameandikwa: "Hii ni leo asubuhi. Wametuchomea tena. Vyombo vya habari vimehongwa visiseme. Sambaza kabla haijafutwa."

1. Nani aliyeutunga?

Usimchanganye aliyeutuma na aliyeutunga. Katika WhatsApp, alama ya mishale miwili iliyopangwa pamoja huonyesha kuwa ujumbe umepitishwa mara tano au zaidi kutoka gumzo moja hadi jingine. Ukiiona, fahamu kwamba shangazi hakushuhudia moto huo; naye ameletewa tu.

Tahadhari na mashahidi wasio na majina. "Rafiki yangu anayefanya kazi Ikulu" au "daktari mmoja wa hospitali kubwa" ni watu wasioweza kuulizwa swali lolote.

Ujumbe ukiwa katika Facebook, fungua sehemu ya uwazi wa ukurasa. Huko utaona tarehe ambayo ukurasa ulianzishwa, na kama uliwahi kubadilisha jina. Ukurasa ulioanza kwa vichekesho vya soka, kisha ukageuzwa kuwa wa siasa msimu wa kampeni ulipokaribia, unastahili kutiliwa shaka.

Aidha, alama ya samawati kando ya jina si kitambulisho tena. Katika mtandao wa X, uliokuwa ukiitwa Twitter, alama walizopewa watu mashuhuri bila malipo ziliondolewa Aprili 2023. Siku hizi, mtu wa kawaida huweza kuipata kwa kulipa.

Mbinu bora ya kumjua mtungaji si kuukodolea macho ukurasa wake, bali ni kuondoka humo na kutafuta wengine wanasema nini juu yake. Mwaka wa 2017, Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani waliwalinganisha wanahistoria 10, wanafunzi 25 na wahakiki wa habari 10. Wanahistoria na wanafunzi mara nyingi walihadaiwa na sura nzuri ya tovuti. Wahakiki waliondoka upesi, wakafungua kurasa nyingine, na wakaufikia ukweli kwa muda mfupi zaidi.

2. Ushahidi wake umetoka wapi?

Mbinu inayotumiwa sana kupotosha ni rahisi mno: picha ya kweli, maelezo ya uongo. Picha yetu ya moto huenda ni ya mkasa uliotokea miaka kadhaa iliyopita katika mtaa mwingine, na uliosababishwa na hitilafu ya umeme.

Ili kuthibitisha, tafuta kwa kutumia picha yenyewe badala ya maneno. Google Lens na TinEye hukubali picha na kukuonyesha mahali pengine ilipowahi kuchapishwa. Ukiipata katika habari ya mwaka mwingine, umekwisha kulitegua fumbo. Usipoipata, usikate kauli kuwa ni mpya. Huenda tu haijawahi kuwekwa mahali panapoweza kutafutwa.

Ichunguze picha kwa macho pia. Soma mabango ya maduka, nambari za usajili wa magari na maandishi kwenye sare za polisi. Hapa Kenya magari hupita upande wa kushoto wa barabara, ilhali Ethiopia, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hupita upande wa kulia. Jambo dogo kama hilo limewahi kufichua mengi.

Kwa upande wa video, uliza kilichotangulia na kilichofuata. Sekunde 20 zilizokatwa kutoka hotuba ya saa nzima zinaweza kumfanya msemaji aonekane anaunga mkono jambo alilokuwa akilipinga. Itafute hotuba kamili.

Iwapo ni ukurasa wa mbele wa gazeti au kadi ya nukuu yenye nembo ya kituo cha habari, nenda katika tovuti ya gazeti au kituo hicho chenyewe. Kurasa za mbele za kughushi zimekuwa jambo la kawaida nyakati za kampeni.

Akili unde imeongeza uzito wa swali hili. Zamani kidogo, picha zilizoundwa na kompyuta zilijulikana kwa vidole sita au maandishi yaliyovurugika. Kasoro hizo zinaendelea kutoweka, kwa hivyo usizitegemee. Sauti nayo huigizwa. Nchini Slovakia, siku mbili kabla ya uchaguzi wa Septemba 2023, ilienezwa sauti ya kughushi iliyodaiwa kuwa ya mwanasiasa Michal Šimečka akipanga kuiba kura. Ililetwa wakati ambapo kanuni za uchaguzi zilikuwa zimewafunga wanasiasa na vyombo vya habari midomo.

Kwa sababu hiyo, badala ya kutafuta kasoro katika picha au sauti, tafuta chanzo chake: Nani aliirekodi, wapi, lini, na nani mwingine alikuwepo?

3. Unaamsha hisia gani?

Kabla ya kuuchunguza ujumbe zaidi, jichunguze mwenyewe. Je, moyo umepiga kwa hasira? Je, umeogopa? Je, umefurahi kwa kuwa mtu usiyempenda ameumbuliwa?

Watafiti Soroush Vosoughi, Deb Roy na Sinan Aral walichunguza habari zipatazo 126,000 zilizosambazwa katika Twitter kati ya 2006 na 2017. Katika utafiti wao uliochapishwa na jarida la Science mwaka wa 2018, walibaini kuwa uwezekano wa habari za uongo kusambazwa ulizidi ule wa habari za kweli kwa asilimia 70. Walioisukuma hasa kasi hiyo si mitambo bali ni watu. Habari za uongo zilikuwa ngeni zaidi, na ziliwashangaza na kuwachukiza wasomaji.

Maneno mengine hufanya kazi ya kuzima fikra: "Amkeni", "Hawataki mjue haya", "Kila mtu anajua", "Sambaza kabla haijafutwa". Neno la haraka humnyima msomaji nafasi ya kutafakari, nalo dai kwamba vyombo vya habari vimehongwa humziba masikio mapema ili asiamini kanusho litakapokuja.

Angalia pia viambishi. Katika mfano wetu, "wametuchomea" ina "wao" na "sisi", lakini haimtaji mtu hata mmoja. Mtuhumiwa asiye na jina huweza kuwa jirani yeyote. Kosa la mtu mmoja linapotwikwa kabila au dini nzima, hila imekamilika.

Chuki aghalabu hujificha katika mafumbo. Mwaka wa 2022 NCIC ilitoa orodha ya maneno ya uchochezi, likiwemo "madoadoa". Kwa mgeni wa siasa zetu, hayo ni mabaka tu ya rangi. Kwa waliofurushwa makwao katika Bonde la Ufa, ni neno lililotumiwa kuwaita watu wasiotakikana.

Wala tusidhani kampuni za mitandao zitatulinda. Julai 2022, mashirika ya Global Witness na Foxglove yalijaribu kuweka katika Facebook matangazo ya uchochezi kwa Kiswahili na Kiingereza kabla ya uchaguzi wa Kenya. Yale ya Kiswahili yaliidhinishwa, na mashirika hayo yakayaondoa kabla hayajaonekana na umma. Msomaji wa Kiswahili hana budi kuwa mlinzi wa lugha yake mwenyewe.

4. Nani anaousambaza?

Ukiona vyaelea vimeundwa. Methali hii inawafaa wale wanaoamini kuwa mada inayovuma mitandaoni ndiyo maoni ya wananchi.

Mwaka wa 2021, wakfu wa Mozilla ulichapisha uchunguzi wa Odanga Madung na Brian Obilo kuhusu washawishi wa kukodiwa nchini Kenya. Walieleza jinsi vijana walivyopewa kupitia vikundi vya WhatsApp maneno ya kuandika na saa ya kuyachapisha, ili hashtegi fulani ivume katika Twitter. Miongoni mwa waliolengwa ni majaji na wanaharakati waliopinga mpango wa marekebisho ya katiba wa BBI. Malipo yalikuwa takriban dola 10 hadi 15 za Marekani.

Dalili za umaarufu wa kuundwa ni kadhaa. Akaunti nyingi huchapisha maneno yale yale, pengine na makosa yale yale ya tahajia, ndani ya dakika chache. Nyingi hazina maisha nje ya hashtegi: leo zinamtukana jaji, kesho zinasifu sabuni. Mjadala huzuka ghafla na kuzimika ghafla.

Hata hivyo, tuwe waangalifu. Watu wengi kusema jambo moja si ushahidi kuwa wamelipwa. Juni 2024, vijana wengi wa Kenya walitumia X na TikTok kuupinga Mswada wa Fedha, na mnamo Juni 26 Rais William Ruto akatangaza kuwa hangeutia sahihi. Raia wana haki ya kupanga na kusema kwa pamoja.

Tofauti iko katika kuficha. Raia anayejitokeza kwa nia yake anaweza kuulizwa na akajibu. Wa kukodiwa huficha aliyemtuma. Zaidi ya hayo, kuwaita wanaolalamika "roboti" au "watu wa kulipwa" bila ithibati ni hila vilevile, sawa na kuiita rekodi ya kweli kazi ya akili unde ili kuikwepa aibu.

5. Unataka nifanye nini, na kwa nini sasa?

Hili ndilo swali kuu. Kila hila ina tendo inalolingojea: utume fedha, usiende kupiga kura, uhame, ukatae chanjo, umchukie jirani, au usambaze tu.

Rejea katika mfano wetu. Habari ya kweli ya mkasa kwa kawaida hutaja mahali, idadi ya waathiriwa na pa kupeleka msaada. Ujumbe wetu hautaji kijiji, hauombi blanketi wala chakula. Unaomba mambo mawili pekee: hasira na usambazaji. Aliyeutunga hana haja na walioungua.

Wakati nao ni ushahidi. Taarifa nzito inayotolewa usiku wa kuamkia uchaguzi imechaguliwa saa hiyo ili isipate wa kuijibu.

Swali hili husaidia hata pale ambapo ukweli na uvumi vimechanganyika. Aprili 2016, Benki Kuu ya Kenya ilipoiweka Chase Bank chini ya mrasimu, ilisema benki hiyo ilikumbwa na uhaba wa fedha kufuatia taarifa zisizo sahihi katika mitandao ya kijamii na kuondoka kwa wakurugenzi wawili. Wasiwasi kuhusu hesabu za benki ulikuwa na msingi, lakini wateja walikimbilia fedha zao wakiwa na habari zilizokorogwa. Katika hali kama hiyo, jibu la busara si kuamini yote wala kukataa yote, bali ni kutenga kinachojulikana na kinachosemwa.

Baada ya kupima

Wahenga walinena kuwa lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mitandaoni, methali hiyo inaweza kutuponza, kwani kinachosemwa mara nyingi huanza kuaminika kwa kurudiwa tu. Wanasaikolojia Lynn Hasher, David Goldstein na Thomas Toppino walilionyesha jambo hili tangu mwaka wa 1977: watu waliziona kauli walizowahi kuzisikia kuwa za kweli zaidi ya zile mpya.

Kwa hivyo, usiusambaze ujumbe wa hila hata kwa nia ya kuucheka. Ukilazimika kuukanusha, anza na ukweli, uutaje uongo mara moja, kisha urejee kwenye ukweli. Mashirika ya uhakiki kama PesaCheck na Africa Check huchapisha uchunguzi wao bila malipo, nayo yanafaa kutazamwa kwanza.

Aliyekutumia usimwaibishe mbele ya kikundi kizima. Mwandikie kando kwa adabu: "Shikamoo shangazi. Picha ile nimeiona katika habari ya mwaka mwingine. Moto ule ulisababishwa na umeme. Tafadhali tuifute ili watu wasiogope." Mtu aliyeheshimiwa hukubali kusahihishwa, aliyeaibishwa huutetea uongo kuliko aliyeutunga.

Na pale maswali yote matano yanapokosa majibu, kunyamaza si kosa. Habari ya kweli haitaoza kwa kungoja saa moja. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na siku hizi kidole chenyewe ndicho ulimi.